Kitufe cha Kulia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza. Miaka minne tangu nimalize shule nimekuwa nikiambiwa "tutakupigia" mpaka nikawa naiogopa simu yenyewe. Leo nimekaa kwenye deski, nina ovaroli yangu, nina namba yangu ya kifuani: kumi na moja.

Chuo cha ufundi na kiwanda cha makopo vimeandikiana makubaliano ya wiki kumi na mbili. Jumatatu na Jumanne tunasoma chuoni, Jumatano mpaka Ijumaa tunakwenda kiwandani kama wanagenzi, na atakayemaliza vizuri anaajiriwa palepale. Tuko kumi na sita. Kaka ndiye aliyeniletea fomu. Ni msimamizi wa zamu katika kiwanda hichohicho, huu mwaka wake wa kumi na saba, na ndiye aliyenilea tangu nina miaka kumi na moja, wazazi wetu walipotutoka. Kwenye karatasi zangu zote za shule, palipoandikwa "mzazi au mlezi", pana jina lake.

Wifi, mkewe, alipoiona ovaroli alisema, "Haya, sasa nina wawili wa kunipigia kelele za mabati mezani. Mmoja alikuwa ananitosha."

Ninakaa deski moja na binti wa miaka ishirini ambaye mpaka saa nne asubuhi alikuwa ameshanieleza magoti ya mama yake, mbwa wa mwenye nyumba wao na sababu tatu za kumwacha mchumba wake. Mpaka mchana darasa zima lilikuwa linamwita Chiriku. Hakukasirika. "Hata nyumbani ndilo jina langu," akasema, kisha akaeleza lilivyoanza.

Jumatano, 5 Machi

Nilidhani najua kelele ni nini. Leo nimeingia kiwandani na kelele zikaniingia mimi, kwenye meno, kwenye mbavu. Watu hawasemi mle ndani, wanaonyeshana kwa mikono.

Kaka wa nyumbani ni mtu wa sauti ya chini, Jumapili anawakata watoto kucha mmoja mmoja, ulimi umemtoka pembeni kwa umakini. Kaka wa mle ndani akipita, watu wazima wananyoosha migongo. Aliinua vidole viwili, mashine ikazimwa. Akapunga mkono, mkokoteni ukasogea. Nilibaki nimeachama. Chiriku akanipigia kelele sikioni, "Huyo ndiye kaka yako? Mbona hukusema una kaka waziri?"

Mashine za kukata vifuniko vya makopo wanaziita presi. Ziko nne, za zamani, rangi imebanduka. Unaweka bati, unabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kimoja kila mkono, kichwa cha chuma kinashuka, kifuniko kinadondoka. Nilimuuliza Kaka kwa nini viwe viwili.

"Ili mikono yote iwe juu ya vitufe," akasema, "isiwe chini ya kichwa."

Alhamisi, 6 Machi

Miguu. Sina la kuongeza.

Jumanne, 11 Machi

Mvua imeanza kunyesha na paa la karakana ya chuo linavuja mahali pawili. Mwalimu wetu ni mtu mfupi, anasema polepole kiasi kwamba lazima mnyamaze ndipo mumsikie, na hata Chiriku amenyamaza, jambo ambalo halijapata kuonekana. Ametufundisha kupima unene wa bati. Ametuambia pia kwamba kwa mujibu wa makubaliano, somo la usalama litatolewa na kiwanda, mbele ya mashine zenyewe, Alhamisi ya wiki ya tatu. "Kabla ya siku hiyo, mtu asiguse presi. Nani hajanielewa?"

Tulielewa wote.

Alhamisi, 20 Machi

Leo ndiyo ilikuwa siku ya somo la usalama. Tulifika na madaftari yetu. Akaja ofisa mafunzo wa kiwanda, kijana nadhifu mwenye viatu ambavyo havijawahi kukutana na grisi, akasema, "Jamani, kuna malori mawili yanangoja mzigo. Tusaidiane leo. Somo tutalipangia siku nyingine."

Tukafunga maboksi mpaka saa kumi. Kisha akapitisha daftari la mahudhurio. Juu ya ukurasa palikuwa pameandikwa tayari: Usalama kwenye mashine, saa tatu. Yupo mwenzetu wa miaka arobaini na saba, zamani alikuwa fundi cherehani, tunamwita Babu. Alilishika lile daftari, hakusaini.

"Tunasaini kwamba tumesoma nini?"

"Mzee wangu," ofisa akasema, "unataka kazi au unataka hoja?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Babu akasaini. Mimi nilikuwa wa saba.

Ijumaa, 21 Machi

Maboksi. Mvua. Somo halijatajwa.

Jumatano, 26 Machi

Nimekalia presi! Namba tatu. Kaka mwenyewe alinisimamia. Kwa saa nzima nilifanya kama ilivyoandikwa, bati, mikono miwili, bati, mikono miwili, na rundo la vifuniko vyangu lilikuwa aibu ukilinganisha na la mama wa presi namba mbili, ambaye alikuwa anakata huku anapiga miayo.

Kaka akaja. Akatoa mfukoni kipande cha mti, kidogo kama kidole gumba, cheusi kwa mafuta. Akakichomeka kwenye ukingo wa kitufe cha kulia, kitufe kikabaki kimezama. "Sasa mkono wa kulia unalisha bati, wa kushoto peke yake unabonyeza. Usiwe na papara. Kulisha, kutoa, ndipo ubonyeze."

"Lakini ulisema vitufe viwili ni kwa sababu..."

"Hayo ni ya wageni," akasema. Akatabasamu lile tabasamu lake la nyumbani. "Wewe si mgeni hapa."

Mstari ule nimeubeba mpaka nyumbani kama zawadi. Mchana rundo langu lilikuwa limempita mama wa namba mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Wa kwanza kati ya wanagenzi wote. Ofisa mafunzo amenipiga picha kwa ajili ya ubao wa matangazo.

Jumatano, 2 Aprili

Chiriku amepewa presi namba nne. Alikuwa karibu kulia, ameachwa nyuma na kila mtu, na ofisa amemwambia kwamba wasiofikisha kiwango hawataendelea na wiki ya sita. Wakati wa chai alinishika mkono. "Wewe unafanyaje? Niambie. Una dawa?"

Nikamwonyesha. Kaka alikuwa ameacha kipande kingine juu ya kabati la vifaa. Nilikichomeka mwenyewe kwenye kitufe chake cha kulia, nikamwambia maneno yaleyale: kulisha, kutoa, ndipo ubonyeze. Alirukaruka kwa furaha. Jioni alikuwa amefikisha kiwango na akaniimbia wimbo wa kuutunga mwenyewe njia nzima ya kurudi, unaohusu mimi, vifuniko na mchumba aliyeachwa.

Ijumaa, 4 Aprili

Jana sikuandika. Mkono haukuwa wangu.

Ilikuwa saa nne na robo. Najua kwa sababu nilikuwa nimetazama saa ya ukutani, nikihesabu chai imebaki dakika ngapi. Mimi nilikuwa namba tatu, Chiriku namba nne upande wangu wa kushoto. Alikuwa ananiambia kitu. Mle ndani humsikii mtu, lakini yeye hakukubali, alikuwa anasema tu na mimi naitikia kwa kichwa. Bati likakwama kidogo. Akaingiza mkono kulinyoosha, bado ananitazama, bado anasema, na mkono wa kushoto ukabonyeza kwa mazoea.

Presi haikubadilisha sauti. Hilo ndilo siwezi kulimeza. Ilitoa sauti ileile inayoitoa kwa kifuniko.

Hakulia. Alitazama chini, kisha akanitazama mimi kwa uso wa mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua. Nilikuwa nimesimama, nadhani nilikuwa nimesimama, kinywa wazi. Mama wa namba mbili ndiye aliyepiga kitufe chekundu cha kuzima. Babu alivua shati lake akamfunga mkono. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine na kwa mara ya kwanza nikasikia mvua juu ya lile paa.

Kaka alikuja mbio. Nilimwona akifika, akamtazama Chiriku, akaitazama presi. Kisha, kabla hajamgusa mtu, mkono wake ulipita juu ya kitufe cha kulia na kuingia mfukoni. Haukuchukua hata sekunde. Nadhani hakuna aliyeona isipokuwa mimi.

Vidole vitatu, na nusu ya cha nne. Mkono wa kulia.

Jumapili, 6 Aprili

Nilikwenda hospitali. Mama yake, yule wa magoti, amekaa kwenye benchi la mbao la wodi tangu Alhamisi. Chiriku amelala ameelekea ukutani. Nilimwita. Nikamwita tena.

"Hasemi," mama yake akaniambia. "Hata mimi hasemi nami. Mtoto huyu, tangu apate meno sijawahi kupata saa moja ya kimya, nilikuwa nakiomba kwa Mungu. Sasa amenipa."

Nilikuwa nimekwenda kumwambia. Sikumwambia.

Jumatatu, 7 Aprili

Mkutano chuoni. Mkuu wa chuo, Mwalimu, sisi wanagenzi kumi na tano, mama yake Chiriku, na ofisa mafunzo kwa niaba ya kiwanda. Ofisa alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema kiwanda kimehuzunika sana, lakini makubaliano haya yana faida kwa vijana wengi na tusikate tamaa, kwani wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Mama yake Chiriku akainuka, magoti na yote, akishikilia kiti cha mbele. "Mwanangu si koleo," akasema. Akakaa.

Mwalimu akauliza, kwa ile sauti yake ya chini, "Somo la usalama lilitolewa?" Ofisa akamkabidhi daftari la mahudhurio. Sahihi kumi na sita. Mwalimu alisoma ukurasa ule mpaka chini, akatutazama mmoja mmoja. Nilipofikiwa nilitazama sakafu. Sote tulitazama sakafu.

Jumanne, 8 Aprili

Hakuna darasa. Nyumbani Kaka anakula, anaoga, anawabeba watoto. Tukikutana mlangoni ananipisha kama mtu asiyefahamiana nami.

Alhamisi, 10 Aprili

Niandike polepole, nisije nikakosea.

Amekuja mkaguzi wa usalama wa viwanda, mama wa makamo, mabuti ya mvua yamemfika magotini, mfuko wa plastiki juu ya faili lake. Alitukusanya mbele ya presi namba nne: ofisa mafunzo, Mwalimu, Kaka, mimi niliyekuwa karibu zaidi siku ile, na wengine nyuma. Akafungua daftari.

"Hii ni sahihi yako?"

"Ndiyo."

"Tarehe ishirini Machi. Ulijifunza nini?"

Nilimwona Babu nyuma ya bega lake, ananitazama. "Hakukuwa na somo, mama. Tulikuwa tunafunga maboksi. Tuliambiwa tusaini."

Ofisa akasema, "Huyu bado ana mshtuko, mama, tumwelewe..."

"Nimekuuliza?" mkaguzi akamwambia, bila hata kumgeukia. Kisha kwangu: "Kichwa cha presi hakishuki bila vitufe viwili. Mkono mmoja ulikuwa chini. Nani alibonyeza cha pili?"

"Palikuwa na kipande cha mti. Kinabana kitufe. Mimi nilimwonyesha. Mimi ndiye niliyemwekea."

"Na wewe, nani alikuonyesha?"

Nikageuka kumtazama Kaka. Sikuwa na nia ya kumshtaki, naapa. Nilimtazama kama nilivyomtazama kila nilipoulizwa swali gumu tangu nina miaka kumi na moja, ili ajibu yeye.

Akajibu. "Vijana wana utundu," akasema. "Wanaona vitu kwenye simu zao, wanakuja kujaribu. Mimi nina miaka kumi na saba hapa, sijawahi kukiona kipande cha namna hiyo."

Sauti yake ilikuwa tulivu. Hakupepesa jicho. Kama asingekuwa ndugu yangu ningemwamini.

Mkaguzi aliniuliza tena, nadhani aliniuliza mara mbili, nikabaki namtazama Kaka tu, nikisubiri acheke, aseme natania. Mwisho mkaguzi akaandika kitu. Ofisa akaniambia nikabidhi kofia na namba yangu mpaka uchunguzi uishe. Namba kumi na moja, kwenye kiganja chake laini.

Jioni, mezani, Kaka alisema mvua imeharibu barabara. Wifi akaweka bakuli chini. Habari zilikuwa zimeshamfikia. Mama wa namba mbili ni jirani wa dada yake.

"Ni kweli umemkana huyu mbele za watu?"

"Nina watoto," Kaka akasema.

"Na huyu ni nani? Mpangaji?"

Watoto waliacha kutafuna. Mdogo akaniuliza, "Shangazi, wewe ni mpangaji?" Nikaondoka mezani kabla sijaangua kilio. Huku nyuma nikamsikia Wifi, sauti yake imepoa, na hapo ndipo anatisha: "Mimi nilipokuja kwenye nyumba hii nilikukuta unamfulia sare za shule. Nilisema, huyu mwanamume nitaishi naye. Sasa niambie, ninaishi na nani?"

Ijumaa, 11 Aprili

Niliitwa kiwandani saa tatu. Nilidhani ni kwa ajili ya polisi. Walikuwepo walewale, na mkaguzi na mabuti yake.

Alikuwa na kipande cha mti. Walikikuta chini ya kabati la vifaa. Alinipa mimi nikichomeke namba nne. Kikaingia kama mguu kwenye kiatu chake. Namba tatu, kikaingia. Namba mbili. Namba moja. Kisha akamwita Mwalimu avae miwani na atazame ukingo wa vitufe vya kulia, vyote vinne. Pana mfereji. Chuma kimelika, kimelainika, mahali palepale kwenye kila kitufe.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa chuma. Mfereji kama huu mti unauchimba kwa muda gani?"

Mwalimu alipitisha ukucha. "Miaka. Saba, nane."

"Na huyu binti amekaa kwenye presi siku ngapi?"

"Tano," nikasema.

Mkaguzi hakumtazama mtu yeyote. Alifungua faili, akatafuta kalamu, akaijaribu kwenye kiganja, kama mwenye siku nzima. Nikawa nasikia matone tu. Ofisa mafunzo alikuwa anakwangua kucha.

"Ni mimi," Kaka akasema.

Nilimtazama. Alikuwa ameshika kofia yake mikononi.

"Mwaka wangu wa nane hapa, palikuja oda kubwa. Nilichonga kimoja, kazi ikaenda. Nikachonga vingine. Mwenye kiwanda alipita akakiona, akanipiga bega, akasema huo ndio ubunifu. Mwezi uliofuata nikawa msimamizi." Akaikunja kofia. "Huyu ni mdogo wangu. Mimi nilimfundisha. Jana nilisema uongo."

Hakusema samahani. Hakunitazama. Alikwenda kwenye presi namba nne, akatoa mfukoni kile kingine, kile cha siku yenyewe, akakiweka juu ya faili la mkaguzi. Kilikuwa na doa. Nikaona kwamba alikuwa anatembea nacho mfukoni siku zote hizo nane, nikakaa kwenye boksi.

Jumatano, 16 Aprili

Presi zimefungwa kwa mnyororo. Kaka amesimamishwa. Ameketi uani, chini ya upenu, anatazama mvua ikijaza ndoo. Sisemi naye. Nimejaribu kuwa na hasira moja safi, siwezi. Kila nikimkasirikia, nauona mkono wangu mwenyewe unachomeka kile kipande.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemwambia Chiriku. Yuko nyumbani kwao sasa, bandeji mpaka kwenye kifundo. Bado hajasema neno na mtu, tangu siku ile. Nilipiga magoti kando ya kitanda. "Mimi ndiye niliyekuonyesha. Mimi nilikichomeka."

Kisha, akiwa bado anatazama ukuta:

"Najua. Nilikuwepo."

Mama yake aliangusha sufuria jikoni. Mimi nilishtuka, nikacheka, kisha nikalia, yote kwa pamoja, na Chiriku akageuka kunitazama kama vile mimi ndiye mgonjwa. "Umenenepa," akasema. Hakusema kingine siku nzima. Hakuniambia amenisamehe na sikumuuliza.

Jumatatu, 28 Aprili

Chuo kimefunguliwa tena. Mkuu wa chuo alitaka kuyachana makubaliano, tumesikia hivyo. Mwalimu ndiye aliyekataa, akasema tukiyachana, kiwanda kitachukua watu mtaani na kuwakalisha kwenye presi zilezile, na hakutakuwa hata na wa kuuliza. Wameandika upya: hakuna atakayegusa mashine kabla ya somo la usalama, na somo hilo litatolewa na chuo, si kiwanda. Vitufe vimebadilishwa, ukikibana kimoja mashine inakataa kabisa. Mlango wa ofisa mafunzo una jina la mtu mwingine. La mwenye kiwanda liko palepale langoni.

Nimepewa onyo la maandishi, na nimerudishiwa namba yangu. Babu ameniambia, "Afadhali ningekataa kusaini siku ile." Nikamwambia tungemcheka tu. "Mngecheka," akasema, "lakini vidole vingekuwepo."

Jumatano, 7 Mei

Somo la usalama tumelipata jana chuoni, na leo nimerudi kwenye presi. Kwa dakika kumi sikuweza kubonyeza. Mama wa namba mbili alisubiri kando yangu bila kupiga miayo. Kisha nikabonyeza, mikono miwili, na ile sauti ikaja, na nikatapika nje ya mlango wa nyuma. Nikarudi.

Jumatatu, 12 Mei

Wifi anasema Kaka ameitwa kiwandani. Hatakuwa msimamizi tena. Atarudi kama mfanyakazi wa kawaida, kwa sharti moja, ambalo hajamwambia mtu. Mvua imepungua.

Jumatatu, 19 Mei

Chiriku alirudi darasani leo. Chuo kimemwambia atamaliza kozi, kisha atahamia upande wa kukagua ubora wa bidhaa, kazi ya macho na vipimo. Alikaa deski la mbele peke yake. Mimi nilitaka kukaa naye, akasema, "Hapana, leo niache nipumue," basi nikakaa nyuma na Babu.

Mwalimu alikuwa anaandika ubaoni somo la marudio: Usalama kwenye mashine. Mlango ukafunguliwa wakaingia watu wazima sita wa kiwandani, na madaftari ya watoto wa shule mikononi. Sharti ndilo hilo. Waendesha mashine wote wa zamani lazima wasome somo hili na wafanye mtihani, pamoja na wanagenzi. Mama wa namba mbili alikuwemo. Wa mwisho alikuwa Kaka.

Hakuna aliyekuwa ametuambia. Watano walipata viti. Darasa zima palikuwa pamebaki kiti kimoja, kando ya Chiriku.

Kaka alisimama mlangoni. Sijawahi kumwona amesimama hivyo, mtu aliyekuwa akiinua vidole viwili mashine zinazimwa. Hajapata kumtembelea Chiriku. Alimtuma Wifi, mara tatu, na matunda, lakini yeye hakuweza kufika. Mwalimu aligeuka na chaki mkononi, akaona.

Chiriku alivuta daftari lake kwa mkono wa kushoto, akatoa nafasi.

Kaka akaenda akakaa. Kiti kilimbana, magoti yalikuwa juu. Kisha nikamsikia, kwa sauti yake ya nyumbani:

"Ulikuwa unaandika na mkono gani?"

"Huo huo," Chiriku akasema.

Kaka aliinamisha kichwa. Nilidhani atainuka atoke. Nadhani na yeye alidhani hivyo.

"Basi utaniandikia wewe," Chiriku akasema, akasukuma daftari lake mbele yake. "Na uandike vizuri. Mimi nikisoma kitu nisichokielewa nauliza, na nikianza kuuliza siachi."

Kaka akachukua kalamu. Somo lilikuwa la saa mbili. Kila Mwalimu alipoandika mstari ubaoni, Kaka aliuandika kwenye daftari la Chiriku kwanza, kisha kwenye lake, ulimi umemtoka pembeni. Alichelewa. Mwalimu alikuwa anamsubiri, chaki hewani, kabla ya kufuta.

Walipofika kwenye vitufe, Chiriku aliinama kutazama ukurasa wake. "Hapo umeruka neno," akasema.

"Wapi?"

Akamwonyesha kwa kile kidole kilichobaki nusu. Kaka alikitazama. Kisha akakata mstari, akauandika upya, wote, tangu mwanzo.